Ile Harufu ya Mpira Kwenye Gari Lako

Baba Namkunda, mume wangu,

Nianze na ugomvi, maana salamu nakupa kila asubuhi nikipita pale kwenye migomba ulipolala, na hujanijibu hata moja. Ugomvi wenyewe ni huu: gari lako lilitaka kunihamisha mlimani. Ndiyo, hilo hilo la rangi ya chai ya maziwa, ulilokuwa ukiliosha Jumamosi kwa maji ya mfereji, mimi nikipita na kuni kichwani unanipigia honi kwa mdomo ili nikupishe. Sasa nimekaa barazani, chai iko pembeni, mama yako amelala usingizi wake wa mchana, na leo nakueleza yote mwanzo mpaka mwisho. Usisinzie.

Ilianza mvua za masika zilipoanza. Nilikuwa nimempeleka mama kliniki ya presha kule chini, hospitali ya Gonja, kama ulivyoniachia kazi hiyo. Wakati wa kurudi tulikuwa na viroba vya mbolea kwenye buti. Tumefika kwenye kona ya mwamba, pale ambapo gari huwa linaguna, mama akasema kutoka kiti cha nyuma:

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni watu wanachoma takataka, mama."

"Takataka gani? Inanuka kandambili."

Unamjua mama yako. Tangu uondoke hajakubali kukaa mbele. Nikimfungulia mlango wa mbele anasema, "Hicho ni kiti cha mwanangu," anazunguka, anapanda nyuma na mkoba wake magotini kama mkuu wa wilaya anayekwenda kukagua daraja. Na akiwa kule nyuma hakosi la kusema. Mara upepo mwingi, mara upepo hakuna, mara nimempita fulani bila kumsalimia. Basi aliposema kandambili, nikaona ni visa vyake vya kawaida. Nikakanyaga mafuta.

Safari iliyofuata akajifunika pua kwa kanga kuanzia chini mpaka nyumbani. Nilipozima gari uani na kushuka, ndipo na mimi nikaipata. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, ile chungu inayokaa kooni hata ukinywa maji. Nilifungua boneti kama nilivyokuwa nikikuona ukifanya. Nikatazama. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake na kunitazama na mimi. Nikaifunga.

Hapo nilikukumbuka. Ulikuwa ukisema gari hulalamika puani kabla halijalalamika masikioni. Ungesimama pale, ungevuta pua mara moja, ungevua shati, na chakula cha jioni kingekukuta umeshamaliza. Mimi nilibaki nimesimama uani na funguo mkononi.

Unakumbuka siku uliyotoka kwa daktari, ulipoambiwa moyo wako umechoka? Mimi hukuniambia yote. Ulikula makande yako, ukanawa, ukasema:

"Kesho unaanza kujifunza gari."

"Mimi? Na nyonga hizi?"

"Nikianguka, nani atanishusha huku mlimani? Mbuzi?"

Ukanipeleka Kisiwani, kule tambarare, kwenye barabara iliyonyooka, jua lile linalopasua midomo. Nilikuwa nimeshika usukani kama mtu aliyeshika mkia wa punda. Tukakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima. Nikafunga breki, gari likazima, na mwenye ng'ombe, yule Mmasai mtu mzima mwenye koti la kijeshi, akacheka mpaka akaegemea fimbo yake. Badala ya kunisaidia, ukashuka kwenda kumsalimia! Mkazungumza habari za malisho, za mvua, za bei za madume, mimi nimeachwa ndani natoka jasho. Uliporudi ukaniambia, "Haya, washa. Ng'ombe wameshapita tangu zamani, ulikuwa unamngoja nani?" Nilikutukana siku ile. Nilitukana kwa Kichasu, Kipare chetu, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Baadaye ndipo ukanipandisha mlima. Kule hukucheka. Kabla ya kila kona ulikuwa ukisema kwa sauti ya chini, "Gia, mama, gia." Tukiwa tunapanda, niipunguze kabla gari halijachoka. Tukiwa tunashuka, nishuke kwa gia niliyopandia, nisilale kwenye breki. Gia, mama, gia. Nilikuwa nikiisikia hata ndotoni.

Na siku niliyokushusha kweli, ulikuwa kiti cha mbele, umejifunga blanketi, mikono yako baridi. Ulikuwa huna nguvu ya kumsalimia mtu, lakini kila kona ulifungua macho, ukasema neno lako. Tulipofika hospitali ukanishika mkono uliokuwa bado kwenye gia. "Umenishusha vizuri," ukasema. Nilikushusha mzima, Baba Namkunda. Kukurudisha mzima ndiko kulikonishinda.

Ndiyo maana nakuambia, gari hili si bati tu kwangu.

Sasa sikia ya binti yako. Namkunda alikuja Pasaka kutoka Arusha. Tulimpokea kituoni kule chini, tukampakia yeye na mizigo yake na unga na mafuta ya kula, gari likajaa, tukaanza kupanda. Kabla ya kona ya mwamba harufu ikajaa ndani. Mwanao akapiga kelele nisimame. Nikasimama. Akashuka, akavua viatu vyake vya safari, akapanda mlima kwa miguu mpaka nyumbani, na tope lile!

"Mama, mimi siwezi kukaa ndani ya jiko," akaniambia alipofika. Nikadhani ni hasira za njiani. Jioni akanikalisha hapa hapa barazani. Akasema ndugu zake wote wamekubaliana. Akirudi shule zikifungwa mwezi wa sita, gari likiwa bado linanuka, linauzwa, na mimi na bibi yake tunahamia kwake Arusha. Chumba kipo tayari. Ameshaingiza vitanda viwili, na cherehani yake, ile anayoshonea wateja, ameihamishia sebuleni ili sisi tupate nafasi.

"Na tangawizi?" nikauliza.

"Tutakodisha shamba."

"Na baba yako?"

Hapo akalia. Usimwonee, mwanao ana moyo mzuri, ni woga tu. Alinishika magoti, akasema, "Mama, nimezika mmoja. Siwezi kuwazika wewe na bibi kwa moto wa gari." Ungemjibu nini?

Na usiniambie tungeuza gari tukabaki. Huku kwetu utapandaje na kushukaje bila gari, na kliniki kila mara? Mama yako kwenye bodaboda? Alijaribu mara moja tu. Alishuka njiani, akaja kwa miguu huku akimwambia dereva yuko radhi afe kwa presha kuliko kufa kwa ajali yake. Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja: harufu ikibaki, mlima tunauacha. Nimekiona kile chumba cha Arusha. Kizuri, kina vigae. Ukifungua dirisha unaona ukuta wa jirani.

Basi nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda Same kwa Fundi Mrisho, yule uliyekuwa ukimwamini, ambaye gereji yake iko nyuma ya stendi. Nikamkuta amezeeka kidogo, lakini mdomo ni ule ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari linanuka."

"Linanuka kama nini? Nywele? Plastiki? Mpira?"

"Kandambili."

Akafungua boneti, akaingiza kichwa chote. Akatoka na habari kwamba mkanda wa feni umepasuka-pasuka, unateleza, na mkanda ukiteleza unaungua na kunuka mpira. Kweli, alinionyesha, ulikuwa na nyufa kama visigino vya mtu wa kiangazi. Akaweka mpya. Nikarudi kupitia Kisiwani madirisha wazi, nikapanda na gari tupu, hakuna harufu. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Kosa langu likawa kukimbilia madhabahuni. Jumapili nilitoa shukrani mbele ya usharika. Nilisimama nikasema Mungu ameniondolea harufu ya moto kwenye gari, na watu wakaitikia amina. Nikatoa na mkungu wa ndizi. Kwenye mnada nje ya kanisa mkungu wangu ukagombaniwa, akaupata mzee mmoja wa kanisa, na kwa heshima akamkabidhi mama yako. Tukaupakia nyuma. Na yeye mzee akaomba lifti na mkewe, na wanakwaya wawili. Gari likashiba. Tukaanza kupanda.

Kwenye kona ya mwamba, harufu hiyo! Tena safari hii na kamoshi kidogo. Wanakwaya wakatazama nje. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema kwa adabu zote, "Bwana asifiwe, mama Namkunda. Naona kama huyu shetani alitoka kwa muda tu." Mama yako akacheka kule nyuma mpaka akapaliwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani na usukani wangu.

Nikarudi kwa Mrisho na maneno. Naye, badala ya kuomba radhi, akaniuliza kama sishuki mlima nimelalia breki. Mimi! Mke wako! Nilimwambia hata akimwuliza marehemu atajibiwa kwamba huyu mwanamke anashuka kwa gia. Akacheka, lakini akanituma: nishuke mpaka chini, nisimame, nisogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Ambalo breki yake imeng'ang'ania litakuwa linatema joto kuliko wenzake. Nikafanya hivyo pale kituoni Gonja, watu wananitazama nikizunguka gari na kunyoosha mkono kama anayeliombea. Yote manne yalikuwa sawa, joto la kawaida. Na matairi je, yanasugua popote nikipakia mzigo? Nilikagua ndani ya vifuniko vyake, hakuna mkwaruzo. Si breki, si matairi, mkanda tumeshaubadilisha. Mwezi wa tano ulikuwa unakwisha.

Nakiri usiku ule, siyo usiku, ilikuwa jioni, nilianza kufungasha. Nilitoa mashuka kabatini nikawa nachagua ya kwenda nayo. Mama yako akaja akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Unafanya nini?"

"Nachagua mashuka, mama. Harufu imetushinda."

"Imekushinda wewe. Mimi nimewaambia tangu siku ya kwanza, kinachoungua kiko chini ya makalio yangu. Nani alinisikiliza?"

"Ulisema kandambili, mama. Hukusema makalio."

"Mkwe hamtajii mkwewe makalio!" akafoka. "Ulitaka niseme vipi?"

Nilikaa kitandani nikacheka, na yeye akacheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu kweli, Baba Namkunda, ni yeye aliyeinusa kwanza siku zote. Mimi dereva huja kuipata nikishashuka. Na mara zote gari likiwa tupu hakuna kitu, likishiba mzigo nyuma na kupanda, ndipo inakuja. Tulikuwa tumefungua boneti mwezi mzima, na kumbe shida haikuwa mbele kabisa.

Jumamosi nikamleta Fundi Mrisho huku mlimani. Nilimwambia gari haliumwi Same kwenye tambarare, aje alione linapoumwa. Tukapakia viroba vya tangawizi. Nikampa usukani, mimi nikakaa nyuma, mahali pa mama yako, na kanga yangu tayari. Kabla ya kona ya mwamba nikaisikia inapanda kutoka sakafuni, kati ya miguu yangu. Nikapiga kelele, "Hapa! Hapa!" Mrisho akasimama, akaweka gia ya kwanza na breki ya mkono, na mimi nikatoa lile jiwe lako kwenye buti nikalisukumia nyuma ya gurudumu. Bado nalibeba. Mtu wa mlimani haamini breki ya mkono.

Tulisubiri bomba la moshi lipoe. Mrisho akatandika gunia, akaingia chini na tochi, nikawa naona viatu vyake tu. Halafu akaita:

"Mama, njoo uone. Nani alifunga hii?"

"Nitachafuka."

"Njoo tu."

Nikatandika kitenge changu, nikaingia. Na hapo juu ya ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, katikati ya tope jekundu lililokauka, nikaona ukanda wa mpira wa tyubu umezungushwa kwenye bomba na kufungwa kwenye chuma cha bodi. Upande mmoja ulikuwa umeungua mpaka umekuwa kama lami. Upande wa pili fundo lilikuwa zima. Mizunguko miwili, ncha imerudishwa ndani, imevutwa kwa nguvu.

Nani alifunga hii! Mlango wa banda la kuku umefungwa vile. Mguu wa meza ya jikoni umefungwa vile. Viroba vyangu vyote vya tangawizi, miaka yote, vilifungwa vile, na ulikuwa ukimalizia kwa kuvuta ncha kwa meno, nakuambia utang'oka jino hunisikii. Fundo lako nalijua kama mwandiko wako.

Na siku yenyewe ikanirudia yote. Hedaru, tunatoka harusini, wewe umevaa suti nyeusi. Bomba likaanguka pale sokoni, likaburuzika likipiga kelele, wauza vitunguu wote wakageuka. Ukavua koti ukanipa nilishike, ukaenda kwa mziba pancha ukaomba ukanda wa tyubu chakavu, ukalala chini ya gari na shati jeupe la harusi. Ukatoka umechafuka mgongo mzima, umefurahi kama uliyetengeneza ndege.

"Ni ya muda tu," ukasema. "Jumatatu nanunua ya dukani."

"Jumatatu ipi?"

"Jumatatu zipo nyingi, mama."

Ah, mume wangu. Hazikuwa nyingi.

Nilicheka pale chini ya gari, Mrisho akacheka na mimi, halafu nikaanza kulia. Nililia vizuri, bila aibu, mgongo kwenye kitenge na macho kwenye fundo lako. Nilikuwa sijalia hivyo tangu siku ya maziko, kwa maana siku ile watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nahesabu sahani. Watu wa mbali hututania kwamba Mpare akinunua kipya ujue cha zamani kimemkataa mbele ya mahakama. Sasa niwajibu nini? Mume wangu alitundika gari kwa kipande cha tyubu, nacho kikatubeba harusi na misiba, kikabeba tangawizi, kikambeba na yeye mwenyewe kwenda hospitali. Wewe uliyekifunga ulikuwa kiti cha mbele unanihimiza gia, na fundo lako lilikuwa chini linafanya kazi.

Mrisho akanieleza taratibu. Bomba lina viunga vya mpira vinavyolining'iniza. Kimoja ulikibadili wewe kwa tyubu, na mbali na moto kilikaa salama. Lakini kile cha dukani cha mbele yake kimekatika mvua hizi, bomba likalala, fundo lako likateleza mpaka kwenye sehemu inayochemka. Nikipakia mzigo na kupanda, bomba linachemka zaidi, mpira unaungua, na harufu inaingia kwa kitobo cha sakafuni. Kisha akamulika pembeni, akanionyesha hosi, ule mrija wa mafuta ya gari, inapopita karibu na hapo.

"Binti yako hakukosea kuogopa, mama."

Hakukosea. Nimemwambia hivyo kwa simu siku ile ile, akasema mpaka aje anuse mwenyewe. Ana kichwa chako.

Mrisho alitaka kulikata fundo. Nikamwambia ngoja. Nilijaribu kulifungua kwa vidole, nikajaribu na spana nyembamba, wapi! Uliwahi kufunga kitu kikafunguka? Basi nikaomba kisu nikalikata mwenyewe. Liliachia ghafla, bomba likashuka kidogo mkononi mwa Mrisho, nami nikasema, "Asante, baba, pumzika." Sijui nilikuwa namwambia nani, wewe au mpira.

Akalitundika kwa waya tufike nyumbani. Na Jumatatu, sikupanga, ndivyo ilivyoangukia, tulishuka Same nikanunua viunga viwili vipya vya mpira, vya dukani, vyenye karatasi yake. Mrisho akavifunga, akaziba kitobo cha sakafu, akaivuta hosi ya mafuta mbali na akaishikilia kwa kibanio. Nilisimama pale gerejini nikikuambia moyoni kwamba Jumatatu yako nimekufanyia mimi. Kipande cha tyubu kilichobaki kizima sikukitupa, usiogope. Kimefunga kiroba cha tangawizi, nimejaribu mizunguko yako miwili. Yangu inalegea.

Sasa sikia mwisho wake.

Namkunda alifika juzi. Nilipakia makusudi: unga, mbolea, viroba, mpaka gari likachuchumaa. Nilitaka asiseme nimemdanganya kwa gari tupu. Kituoni akamkumbatia bibi yake, akaenda kufungua mlango wa mbele, kama kawaida ya wageni. Mama yako akampiga fimbo kidogo mguuni.

"Wewe kaa nyuma. Kaa pale ninapokaa, unuse mwenyewe."

"Na wewe, bibi?"

Mama alizunguka, akashika mlango wa mbele, akasimama kitambo. Akapapasa kiti kwa kiganja, pale palipochakaa na mgongo wako, kama anayekikung'uta vumbi. Halafu akapanda. Akaweka mkoba magotini. Nikamfunga mkanda, naye akatazama mbele, macho yana maji na kidevu kiko juu. Mimi nikawasha gari.

Tukaanza kupanda. Nyuma Namkunda ameinama karibu na sakafu, anavuta pua kama mbwa wa polisi. Mimi bado nilikuwa na hofu, nakuambia ukweli. Viunga ni vipya, fundi ameapa, lakini nilishawahi kumshukuru Mungu mapema, na mashuka yalikuwa bado yamekunjwa juu ya kitanda. Nilikuwa nasikiliza pua yangu na pua ya mwanangu, nikasahau mguu. Gari likaanza kuguna. Kona ya mwamba hiyo, nami nimezubaa.

Na kutoka kiti chako, kwa sauti ya chini, nikasikia:

"Gia, mwanangu, gia."

Mama yako hajui gia ni mdudu gani, hajashika usukani hata siku moja. Lakini miaka yote alikaa nyuma yetu akikusikia. Nikapunguza gia. Gari likapata nguvu, likaizunguka kona, likapita pale Namkunda alipovulia viatu, likapanda, likapanda. Tukafika uani. Nikazima. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Ndani mlinuka tangawizi, na manukato ya Namkunda, na dawa ya kuchua ya mama yako. Basi.

Namkunda akabaki amekaa nyuma na magoti yake yamebanwa na viroba. Nikamtazama kwenye kioo. Akajifuta pua kwa mkono wa blauzi, akasema:

"Mama, nikirudi Arusha nitarudisha cherehani yangu chumbani."

Nilishuka nikaenda kufungua buti, nikajifanya napambana na viroba, ili wasinione. Jioni nimerudisha mashuka kabatini.

Kesho Namkunda anataka nimpeleke Kisiwani, kwenye barabara iliyonyooka. Anasema anataka kujifunza. Nimemwambia akikutana na ng'ombe ajitegemee, mimi nitakuwa nimeshuka kusalimiana na wenye ng'ombe. Mama anasema na yeye atakuja, na kwamba atakaa mbele.

Mama ameamka, nasikia fimbo yake. Lala vizuri, Baba Namkunda. Tumebaki mlimani, na asubuhi nitapita hapo kwenye migomba kama kawaida nikusalimie. Nikikupigia honi kwa mdomo, usinicheke.

Mkeo, dereva wako,
Mama Namkunda